Mwenye Laini Aje Mwenyewe

Ofisi ya Elimu, Chumba cha Pili
4 Machi

Kitinda mdogo wangu,

Barua hii inakuja kwa mkono wa Baba Mikate, pamoja na mikate yenu, kwa hiyo Matroni hataifungua. Ukimaliza kuisoma, ichane. Usiifiche chini ya godoro kama ulivyofanya ile nyingine. Chini ya godoro ndipo kila mtu duniani anapoanzia kutafuta.

Mama hajambo. Kifua kimetulia tangu abadilishiwe dawa, na ameanza tena kugombana na majirani, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa dalili nzuri.

Sasa habari zangu. Ule mwongozo wa somo la usalama mtandaoni niliokuambia naandika umekubaliwa. Nimeuandika peke yangu, kwenye meza ile yenye mguu mfupi niliouwekea kipande cha boksi. Bosi wetu, tunayemwita Kalamu Nyekundu akiwa hayupo, hakukata mengi. Mimi niliandika kwamba mwanafunzi anayesumbuliwa mtandaoni aende kwa faragha kwa mtu mzima anayemwamini. Yeye akafuta "aende kwa faragha", akaandika "asimame bila woga." Nilimuuliza kwa adabu kwa nini. Akasema, "Kijana, faragha haipigiki picha. Wageni wa makao makuu wanataka kuona watoto wamesimama."

Sikubishana. Niko kwenye kipindi cha majaribio mpaka mwisho wa mwezi, na mtu wa majaribio habishani, anaitikia. Lakini sentensi kubwa imebaki kama nilivyoiandika: Mwambie mtu mzima unayemwamini. Ile ni yangu. Itasomwa katika kila shule ya wilaya, na yenu ndiyo ya kwanza, tarehe 13.

Kuhusu simu. Nilikupa wakati Mama amelazwa ili upate kusikia sauti yake, na sijuti. Lakini Mama amepona. Naomba uizime, unirudishie siku ya kutembelewa. Laini ina jina langu. Hebu fikiria: karani wa usalama mtandaoni amempenyezea mwanafunzi simu bwenini. Hata sentensi hii naiandika nikiifunika kwa mkono.

Soma kwa bidii. Na ichane.

Kaka yako

*

Bwenini
6 Machi

Kaka Karani,

Shikamoo. Barua nimeichana vipande ambavyo hata mchwa atahitaji miwani kuviona. Umeridhika?

Wewe unaogopa hata kivuli cha kalamu yako. Mama anasema ulipokuwa mdogo ulikuwa ukibisha hodi chooni kwetu wenyewe, tena saa ambayo watu wote wamekaa sebuleni unawaona. Hata hivyo hongera. Nimewaambia wasichana wa chumba changu kwamba somo linalokuja limeandikwa na kaka yangu. Wakasema, basi litakuwa na samahani nyingi.

Simu siwezi kuizima, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Unamjua Chiriku kwa habari zangu, yule wa kitanda cha juu, anayeongea hata mswaki ukiwa mdomoni. Siku hizi haongei. Mwezi uliopita nilimwachia simu, akajiunga na ukurasa wa mijadala ya shule. Akapata rafiki, msichana wa shule nyingine, ndivyo alivyojitambulisha. Wakawa wanaandikiana mambo ya vitabu na ya walimu wanaotema mate wakifundisha. Kisha rafiki akaomba picha, akaomba nyingine, na Chiriku akatuma moja ambayo hakupaswa kuituma. Siku ileile yule msichana akawa mwanamume.

Anataka zaidi kabla ya muhula kwisha, la sivyo ataisambaza ile aliyo nayo. Anaijua shule yetu. Analijua jina la mama yake Chiriku, maana Chiriku mwenyewe alimtajia walipokuwa marafiki.

Chiriku alinikataza nisimwambie mtu. Nikamwambia wewe si mtu, wewe ni kaka. Akafikiri sana, halafu akasema, "Haya, mwambie yeye tu. Ndiye aliyeandika somo. Atajua la kufanya."

Tufanye nini, kaka?

Kitinda

*

Ofisi ya Elimu
8 Machi

Kitinda,

Barua yako nimeisomea stoo, kwenye marundo ya vitabu vya zamani, kwa sababu chumba chetu kina macho mengi. Pole nyingi kwa Chiriku. Mwambie kosa si lake, hata kama ameamka akihisi ni lake. Asimjibu mtu huyo tena. Asimtumie kitu kingine hata atishiwe vipi; watu wa namna hiyo ukiwapa shubiri wanachukua pima. Na asifute ujumbe hata mmoja. Ujumbe ndio ushahidi. Ukifutika, linabaki neno lake peke yake, na neno la mtoto halina mguu wa kusimamia.

Niliwaza kwenda polisi mimi mwenyewe. Lakini nikifika wataniuliza nimejuaje, na nikisema nimejuaje, wataniuliza simu ni ya nani. Njia ya somo ni safi zaidi. Tarehe 13 mwezeshaji atauliza nani amewahi kusumbuliwa. Chiriku asimame. Mkuu wa shule atakuwepo, mwalimu wa malezi atakuwepo, na watu wa wilaya watakuwa wanatazama. Hakuna atakayethubutu kumgeuka mbele yao. Ndiyo maana ya somo lenyewe.

Jambo moja dogo. Akisimama, asiseme simu ni ya nani. Haina haja. Mtu aliyeumwa na nyoka haulizwi majani yalikuwa ya shamba la nani.

Ichane hii kuliko zote.

Kaka yako

*

Shuleni
16 Machi

Kwa kaka yangu mpendwa,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Madhumuni ya barua hii ni kukujulisha kwamba somo la usalama mtandaoni lilifanyika na lilikuwa zuri sana. Wageni walipiga picha. Sisi tulipiga makofi. Chiriku alisimama. Sasa amekwenda nyumbani, na kitanda cha juu hakina mtu.

Tunaendelea vizuri na masomo na tunatii kanuni zote za shule. Mwambie Mama sihitaji chochote.

Mdogo wako mtiifu,
Kitinda

*

Ofisi ya Elimu
18 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Najua barua hii itapita kwa Matroni, nami namsalimu kwa heshima. Barua yako imenipa furaha ambayo sijaionja tangu nianze kazi. Kwamba rafiki yako alisimama, na kwamba ameruhusiwa kwenda nyumbani kupumzika karibu na wazazi wake, ndivyo inavyopaswa kuwa. Mtoto aliyetikiswa anahitaji kwao.

Picha zimebandikwa kwenye ubao wa ofisi. Katika moja, ukumbi mzima umekaa, na katikati amesimama msichana mwembamba, amekishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Nadhani ndiye yeye. Niliitazama mpaka chai ikapoa. Kila aliyepita nilitamani kumwambia kwamba maneno yaliyomsimamisha yule mtoto ni yangu. Kalamu Nyekundu alinipiga bega, akasema, "Unaona? Umesimamisha watu." Hajawahi kunigusa kabla ya siku hiyo.

Mpe Chiriku salamu zangu akirudi. Mwambie ni jasiri.

Kaka yako akupendaye

*

Bwenini, kwa mkono wa Baba Mikate
20 Machi

Kaka,

Matroni amenisomea barua yako kwa sauti, amekaa kitandani kwangu. Alipofika penye "kupumzika karibu na wazazi wake" akatabasamu. Akasema, "Kaka yako ana moyo mzuri." Nami nikaitikia, ndiyo Matroni.

Chiriku hakupelekwa kupumzika. Amesimamishwa masomo. Ile niliyokuandikia kwa posta ndiyo barua pekee ambayo ingetoka getini, maana Baba Mikate hakuja mpaka leo. Nilidhani utajua. Uliona wapi mimi nimekuandikia "madhumuni ya barua hii"?

Sikiliza ilivyokuwa. Mwezeshaji wenu alishika kipaza sauti akauliza, "Yuko wapi jasiri wa shule hii?" Chiriku akasimama. Alisema yote, kwa sauti ndogo, mbele ya shule nzima na wapishi waliokuwa dirishani. Wakapiga picha, tukapiga makofi. Gari la wageni halijamaliza kutoka getini, akaitwa ofisini. Mimi nilikuwa na zamu ya kufagia ile korido, na nilifagia mahali pamoja mpaka sakafu ikanichoka.

Mkuu aliuliza, "Simu iko wapi?"

"Kwenye begi langu, mwalimu. Huyo mtu ameniambia kwamba..."

"Nimeuliza simu. Mtu sijamuuliza."

Mwalimu wa malezi akaingia kati kwa sauti yake ya upole. "Binti, kanuni ya simu unaijua?"

"Naijua."

"Basi uliposimama pale ulikuwa unakiri kosa."

Chiriku akasema, "Nilidhani nilikuwa naomba msaada."

"Na kama usingekuwa na simu, huyo mtu angekusumbua kwa njia gani? Kwa kengele ya shule?"

Wakacheka, kaka. Si kicheko kibaya, ni kile cha watu wazima waliochoka. Kisha wakamuuliza simu ni ya nani, na hapo akanyamaza. Walimuuliza kwa upole, wakamuuliza kwa ukali. Ungependa nikuambie alikuwa anakulinda wewe. Wewe hakujui. Alikuwa ananilinda mimi, na mimi nilikuwa mlangoni na ufagio nikimwacha anilinde.

Jina la yule mwanamume hakuna aliyeliuliza.

Sasa sikia la muhimu. Mama yake Chiriku amekwenda polisi. Wamemwambia alete simu yenye ujumbe, bila hiyo hawana pa kuanzia. Akaja kwa Mkuu. Mkuu anayo kwenye droo yake, lakini anasema si ya binti na si ya mama, hawezi kumkabidhi mtu mali isiyo yake halafu kesho aulizwe. "Mwenye laini aje mwenyewe, na kitambulisho." Amerudia hivyo mara zote. Na unajua desturi ya hapa: siku ya kufunga shule simu zote zilizokamatwa huvunjwa kwa nyundo mstarini, sisi tukitazama. Tunafunga tarehe 28. Kabla ya hapo, Ijumaa hii, bodi inakaa kuamua kama Chiriku atarudi au amefukuzwa kabisa.

Kaka, mwenye laini ni wewe. Panda gari uje. Useme ni yako, ulimpa mdogo wako wakati mama yetu yu mahututi. Mimi wakinisimamisha, nitakaa nyumbani nimsikilize Mama akigombana. Siyo mwisho wa dunia. Kwa Chiriku ni mwisho wa dunia.

Barua hii nimeiandika bila kuogopa. Wala sikuombi uichane.

Kitinda

*

Ofisi ya Mkuu wa Shule
19 Machi
(Imepokelewa Ofisi ya Elimu 21 Machi. Karani: ishughulikie.)

Ndugu,

Nachukua nafasi hii kuishukuru ofisi yako kwa somo la usalama mtandaoni. Limekuwa na manufaa makubwa. Kutokana na somo hilo pekee, tumegundua simu iliyokuwa imefichwa bwenini kwa muda mrefu, ambayo ukaguzi wa kawaida wa Matroni haukuweza kuipata. Hatua za kinidhamu zinaendelea.

Mwanafunzi aliyekutwa nayo amekataa kumtaja mwenye simu. Kwa kuwa ofisi yako inahusika na mambo ya mtandao, tunaomba mtusaidie kumtambua aliyeisajili laini, ili tumkabidhi mali yake au tumchukulie hatua. Namba nimeiambatisha.

Tunaomba somo hili lirudiwe kila muhula.

Wako katika kazi,
Mkuu wa Shule

*

Ofisi ya Elimu
22 Machi

Mheshimiwa Mkuu wa Shule,

Yahusu: Utambuzi wa mwenye laini

Ofisi imepokea barua yako na kufurahishwa na mafanikio ya somo. Kuhusu ombi lako, kwa masikitiko makubwa nakujulisha kwamba ofisi hii haina mamlaka wala vyombo vya kumtambua mtu aliyesajili laini ya simu. Tunashauri shule iendelee na taratibu zake za kawaida.

Karani,
kwa niaba ya Mkuu wa Ofisi

*

Ofisi ya Elimu
22 Machi

Kitinda,

Nakuomba usome barua hii yote kabla ya kukasirika.

Jana niliwekewa mezani barua ya Mkuu wenu, na namba ya simu imebanwa kwa pini. Niliifahamu namba kabla ya kuisoma yote. Nilikwenda kwa Kalamu Nyekundu kwa njia ya kuzunguka. Nilimwambia, "Bosi, nimesikia katika shule ile mtoto aliyesimama ameadhibiwa kwa sababu ya simu."

Akasema, "Kanuni ya simu si yetu. Sisi tunafundisha, wao wanaadhibu. Kila mtu na shamba lake."

Nikasema, "Lakini bosi, ili mtoto aseme kilichompata kwenye simu, lazima kwanza akiri kuwa na simu."

Alinitazama, nami nikaona amelielewa. Naapa amelielewa. Kisha akauliza, "Una mtoto pale?"

"Nina mdogo wangu."

"Ndiye aliyesimama?"

"Hapana."

"Basi mshukuru Mungu, ukapige chapa majibu."

Nikapiga chapa.

Kitinda, wiki ijayo ndipo ninapothibitishwa kazini. Nikithibitishwa, hawawezi kuniondoa kwa urahisi, na hapo nitasema, tena kwa nguvu, nikiwa nimesimama juu ya ardhi ngumu. Nikisema leo, nafukuzwa leo, dawa za Mama zinakatika leo, na Chiriku hapati kitu isipokuwa mwenzake wa kulia naye. Naandaa waraka wa kupendekeza kwamba mwanafunzi anayetoa taarifa asiadhibiwe kwa kumiliki simu. Ni waraka mzuri. Utawasaidia watoto wengi wanaokuja.

Nipe siku chache. Mwambie Chiriku avumilie.

Kaka yako

*

Nyumbani kwa Mama
23 Machi

Kaka,

Naandika kutoka nyumbani, kwa hiyo tayari unajua.

Jana bodi ilikaa. Nilibisha hodi, nikaingia bila kuitwa, nikasema simu ni yangu. Wakauliza nimeitoa wapi. Nikasema niliiokota kwenye kiti cha basi. Sikukutaja. Usinishukuru, sikufanya hivyo kwa mapenzi. Niliona tu kwamba aliyestahili kulitaja jina lako ni wewe.

Mimi nimepewa wiki mbili. Chiriku amefukuzwa. Mjumbe mmoja, yule mzee mwenye kofia, aliuliza kwa nini adhabu hazilingani. Akajibiwa kwamba mimi niliokota kitu, lakini yeye alituma kitu. Mzee akaitazama kofia yake.

Niliomba basi wanipe simu niipeleke polisi. Mkuu akasema laini haisajiliwi kwa kuokota. Halafu akawasomea bodi barua ya ofisi yenu, iliyoletwa na dereva wenu siku ileile. Imepigwa chapa na haina jina, lakini iliposomwa "kwa masikitiko makubwa" nilikujua. Hata ukimvunjia Mama kikombe unamwambia hivyohivyo.

Barua yako Baba Mikate alinipa getini nikiondoka. Waraka wako ni wa watoto wanaokuja. Huyu ameshakuja.

Mama ameuliza mbona niko nyumbani. Nimemwambia yote. Amesema dawa zake usizitaje tena katika jambo hili. Amesema kifua ni chake, na hajakipa mtu akifanye ngao.

Kitinda

*

Mapokezi, Ofisi ya Elimu
25 Machi

Kwa kaka yake Kitinda,

Shikamoo. Mlinzi ameniambia uko kwenye kikao. Nimekaa kwenye benchi la nje nikisubiri kikao kiishe, na kutoka hapa naliona dirisha lenu. Umechungulia mara mbili. Ya pili tulitazamana; una macho ya Kitinda. Mlinzi amenionea huruma, amenipa karatasi na kalamu.

Mimi ndiye Chiriku. Sijaja kukutukana. Kitinda anasema wewe si mtu mbaya, ila umezaliwa ukiomba radhi.

Yule mtu amepata namba ya dada yangu. Ameanza tena. Dada anafuta ujumbe wake kabla mama hajauona, na ukimwambia asifute anakimbilia nje na simu. Polisi bado wanataka ile simu, kwa sababu mwanzo wote uko mle: alivyojifanya msichana, alivyobadilika, alivyotishia. Bila mwanzo, wanasema, inaonekana kama ugomvi wa wapenzi. Nina umri wa miaka kumi na tano.

Nataka kukuuliza jambo kuhusu somo lako. Lilisomwa vizuri, na mimi nililishika kichwani. Linasema: Mwambie mtu mzima unayemwamini. Watu wote wananiona mjinga kwa kusimama mbele ya shule nzima na kuwaambia watu wazima ambao siwajui. Lakini sikuanza na wao. Nilipomruhusu Kitinda akuandikie, nilikuwa nafuata somo lako kabla halijafundishwa. Mtu mzima wa kwanza kuambiwa ulikuwa wewe.

Shule inafunga Alhamisi. Mkuu amesema mwenye laini aje mwenyewe. Ni mwendo wa saa moja kwa gari. Nakuomba sana, usiandike barua. Nenda.

Chiriku

*

Ofisi ya Elimu
27 Machi

KWA POSTA YA HARAKA

Mheshimiwa Mkuu wa Shule,

Yahusu: Mwenye laini

Naomba radhi kwa kukuchukulia muda wako. Barua hii nimeianza jana asubuhi, na hii ni nakala ya nne. Tatu za kwanza hazikuwa na heshima ya kutosha.

Nakiri kwamba simu iliyo kwenye droo yako ni yangu na laini imesajiliwa kwa jina langu. Nilimpa mdogo wangu, mwanafunzi wako ambaye wenzake humwita Kitinda, wakati mama yetu amelazwa. Hakuiokota. Alisema hivyo ili kunisitiri. Nakiri pia kwamba mimi ndiye niliyeiandika barua ya ofisi ya tarehe 22, na kwamba nilipoiandika nilikuwa namjua vizuri mtu niliyedai hatuwezi kumtambua.

Mwanafunzi mliyemfukuza alisimama kwa sababu nilimshauri asimame. Mwongozo uliomsimamisha niliuandika mimi. Ndani ya simu ile kuna ushahidi dhidi ya mtu mzima anayewawinda watoto, na mtu huyo bado anaendelea. Naomba simu ihifadhiwe isivunjwe, na ikabidhiwe polisi pamoja na mama wa mtoto. Nimeambatisha nakala ya kitambulisho changu. Niko tayari kuja wakati wowote utakaoona unafaa kuniita, na kupokea hatua zozote.

Sijaiweka barua hii mikononi mwa mlinzi wa ofisi. Naipeleka posta mwenyewe.

Kwa heshima na masikitiko makubwa,
Karani

*

Ofisi ya Mkuu wa Shule
2 Aprili

Ndugu Karani,

Barua yako imenifikia leo. Shule ilifungwa Alhamisi, na simu zilivunjwa mstarini kama ilivyo desturi. Yako niliiacha iwe ya mwisho. Sijui kwa nini; labda kwa sababu ya mama yule, aliyekuwa amesimama nje ya geti tangu asubuhi akitazama kila gari linalosimama. Nilichelewesha kengele kidogo. Ungefika na kitambulisho chako hata wakati nyundo imeinuliwa, ningekukabidhi, na hakuna ambaye angekuuliza jambo pale. Nilisema mwenye laini aje. Sikusema aandike.

Vipande vilizolewa na takataka nyingine siku ileile.

Nimefikiri sana juu ya hatua unazosema uko tayari kuzipokea. Mimi ni mzazi pia. Wewe ni kijana, umesoma, ndiyo kwanza unaanza maisha, na unaonekana kujuta. Si haki kosa moja liharibu maisha yote ya mtu. Kwa hiyo barua yako sikuiweka kwenye faili wala sitaipeleka kwa mkuu wako. Nimeirudisha ndani ya bahasha hii, pamoja na nakala ya kitambulisho. Ichane, tuyasahau. Mdogo wako naye atapokelewa shule ikifunguliwa, wiki zake mbili zikiwa zimekwisha.

Yule binti mwingine alikuja na mama yake kuchukua godoro na sanduku. Nilimuuliza kama ana la kusema kabla hajaondoka. Akasema hana.

Jana nilimpigia simu mkuu wako, akanieleza kwamba umethibitishwa kazini. Hongera. Tumekubaliana somo lirudiwe wiki ya kwanza ya muhula ujao, na amesema mara hii utakuja kulifundisha wewe mwenyewe. Tafadhali njoo na kipaza sauti chenye nguvu zaidi. Waliokaa nyuma walilalamika kwamba yule mtoto aliposimama, hawakusikia alichokuwa anasema.

Wako katika kazi,
Mkuu wa Shule